Aliyefifia: Alikuwa Anapita au Anapitwa?

Nimestaafu. Hakuna aliyenistaafisha, ni kiuno. Nilikuwa nageuka kumfuata bwana harusi anaingia ukumbini akicheza, kiuno kikagoma katikati, nikabaki nimepinda kama mpini wa jembe bovu. Nikamkabidhi kamera mjukuu wangu Kabula palepale mbele ya wageni, na akaimalizia harusi ile vizuri kuliko ambavyo ningeimalizia mimi. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mjukuu wangu. Haya, nasema kwa sababu hiyo pia.

Ninyi vijana wa studio yetu hapa Kambarage mmeniomba niwaandikie jinsi ya kupiga kitu kinachokimbia, chenyewe kikatoka kimetulia, nyuma yake dunia imekuwa mistari mitupu. Mnasema mnaziona picha hizo kwenye simu, za magari ya mashindano. Mimi nimezipiga kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa mikokoteni ya ng'ombe, na mara moja kwa mbuzi aliyeiba kanga ya mtu. Shule nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo naandika kwa mkono na Kabula anapiga kwenye kompyuta. Nimemkataza kuyanyoosha maneno yangu. Tena nawaambia mapema: katika picha zote nilizopiga, ninayoikumbuka kuliko zote ni moja ambayo siielewi.

Nilianza Kahama, kwa Mzee Ramadhani. Alikuwa mtu wa pwani aliyekuja kununua mchele, akaishia kufungua studio, na hata yeye hakuweza kueleza ilikuwaje. Mimi nilikwenda kwake kuomba kazi ya usafi. Siku ya kwanza nikafagia, nikapiga deki, nikakaa kizingitini. Akatoka na kamera, akanitundikia shingoni.

"Mfuate yule kuku."

"Nimkamate, mzee?"

"Umkamate kwa jicho. Akitembea na wewe tembea naye. Ukimwona yuko katikati ya kioo, bonyeza."

Nikamfuata kuku. Nikambonyeza. Nikamfuata mwingine. Jioni nikamuuliza picha zangu ziko wapi, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kamera haikuwa na mkanda. Wiki nzima nilifukuza kuku wa jirani na kamera tupu, na wanawake wa mtaani wakamwambia mama mkwe wangu kwamba kichwa changu kimeingia maji.

Aliponipa mkanda kweli, nikaharibu picha kumi na mbili mfululizo. Kila kitu kilitoka ukungu: kuku ukungu, ukuta ukungu. Mzee Ramadhani akazipanga mezani, akaniuliza, "Ukishabonyeza unafanya nini?"

"Nasimama, mzee. Si nimeshapiga?"

"Ndipo unapoua."

Sikuelewa. Alinieleza siku tatu na sikuelewa. Nilikuja kuelewa nikiwa kwetu kijijini, shambani kwa baba, tunaamia ndege kwenye mtama. Tulikuwa tunatumia kombeo. Sasa mtu yeyote aliyekulia kwenye mtama anajua: jiwe likishatoka, mkono hausimami. Ukiusimamisha, jiwe linakwenda kwa jirani. Mkono unaendelea kule ndege alikokwenda, kana kwamba bado unalo jiwe. Nikasimama pale kwenye mtama, kombeo mkononi, nikacheka peke yangu. Baba akaniuliza, "Mayo, una nini?" Mayo ni mama, baba zetu wa Kisukuma huwaita hivyo mabinti zao. Nikamwambia nimejua kupiga picha. Akaangalia kombeo, akaniangalia mimi, akarudi kwenye ndege wake.

Basi hiyo ndiyo siri, na nitaiandika mara moja tu. Panua miguu, vidole vielekee pale utakapobonyezea, si pale anapotokea unayempiga. Viwiko vibane mbavuni. Weka jiwe barabarani mahali atakapopita, pima umakini wa lenzi kwenye jiwe hilo, halafu liondoe, asije akalikanyaga akakutukana. Namba ya kasi, ile ya kufungua na kufunga mlango wa lenzi, iwe ndogo ili ukae wazi muda mrefu; sisi tulitumia thelathini. Mchana jua la huku ni kali, picha inaungua kuwa nyeupe, kwa hiyo piga asubuhi au jua likishainama. Mzee Ramadhani akilazimika kupiga mchana alikuwa akiziba lenzi kwa kioo kimoja cha miwani yake ya jua, ndiyo maana miwani ile ilikuwa na jicho moja. Mchukue anapotokea mbali, zungusha kiuno, usizungushe mikono, bonyeza bila kushtuka, endelea kumfuata mpaka apotee. Halafu pumua.

Watu hawakuzipenda picha hizi. Mjue hilo. Kijana mmoja mchimbaji alitoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya upande wa Geita, akaja na pikipiki mpya. Akataka nimpige akipita mbele ya nyumba aliyojenga, amtumie mama yake. Nikampiga vizuri mno, hata vifungo vya shati ungevihesabu. Akaitazama, akaigeuza nyuma, akarudi mbele.

"Nyumba iko wapi?"

"Hiyo mistari ndiyo nyumba."

"Mama, nimejenga bati tupu, wewe umenifutia. Mama yangu atajuaje?"

Nilimwambia mama yake atamwona yeye. Akasema mama yake anamjua sura tangu alipomzaa, kitu asichokijua ni nyumba. Nikarudi nikampiga amesimama wima mbele ya mlango kama nguzo, akaridhika. Mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa na akili.

Sasa niingie kwenye picha yenyewe.

Kulikuwa na mashindano ya baiskeli ya wanawake, kutoka upande wa Ushetu mpaka uwanjani Kahama. Mfanyabiashara mmoja alitoa mtamba, jike zuri la ng'ombe, jeusi lenye doa jeupe kwenye paji. Mtamba alifungwa pale mwisho wa mashindano tangu asubuhi ili kila mtu amwone, na kila mtu alikuwa ameshampangia pa kulala.

Jirani yangu Mbuke alikuwa mmoja wa washindani. Mbuke alikuwa anauza maji kwa baiskeli, madumu manne kila safari, kazi ya wanaume, na alikuwa na watoto wanne bila baba. Jana yake aliniambia, "Mama Maganga, nikimpata yule, nauza maziwa. Haya madumu namwachia anayeyataka." Nilimwambia Mungu yupo.

Mwingine alikuwa binti wa Ushetu, jina lake Leticia. Kwao walikuwa wakulima wa tumbaku. Alikuja na baiskeli ya baba yake, ile yenye bomba la juu, na wajomba watatu waliokuwa wanamshangilia kabla hata hajaondoka. Baba yake alikuwa amelazwa. Wajomba walisema mtamba yule ndiye atakayempeleka hospitali kubwa. Kwa hiyo msitafute mbaya katika habari hii; mimi nimemtafuta miaka yote sikumpata.

Nilisimama hatua chache kabla ya mstari, ng'ambo ya barabara, kwa sababu upande huo mwanga ulikuwa mzuri. Kwenye mstari walifunga uzi kati ya miti miwili, na akawekwa mwalimu mmoja mwenye filimbi aangalie nani anaugusa kwanza. Pembeni walikuwapo wacheza nyoka, wanatumbuiza watu. Mnawajua: ngoma, vumbi, na chatu shingoni.

Baiskeli mbili zikatokea, nyingine zote ziko mbali nyuma. Leticia mbele. Nikamchukua kwenye kioo, nikaanza kuzunguka naye. Nikasikia makelele, nikadhani ni shangwe. Nikabonyeza, nikaendelea kuzunguka, nikapumua. Nilipoteremsha kamera, uwanja ulikuwa umetawanyika. Chatu alikuwa ameteleza mikononi mwa mwenyewe akaelekea kwenye mstari kama vile naye ameandikishwa. Watu wamekimbia, uzi umekatwa na miguu ya watu. Na yule mwalimu alikuwa juu ya mkokoteni, filimbi mdomoni, anaipuliza tu.

"Nani wa kwanza?" akauliza Mzee Luhende, mwenyekiti wa kamati.

"Nilikuwa naangalia nyoka," mwalimu akasema.

Mbuke akasema ni yeye. Leticia akasema ni yeye. Wajomba wakavua mashati. Ndipo mtu akapiga kelele, "Mpiga picha! Yule mama amepiga!"

Vijana, sijui niwaelezeje. Watu wote wale wakageuka kunitazama mimi, mwanamke wa darasa la nne aliyekwenda kuomba kazi ya deki. Wakanisindikiza mpaka studio, mtamba mbele. Mzee Ramadhani na mimi tukaingia chumba cha giza kusafisha mkanda, nje wamejaa, wanasikika wakibishana. Picha ikaanza kujitokeza ndani ya maji ya dawa. Kwanza meno. Halafu kitambaa cha kichwa. Alikuwa Mbuke, wazi kama amechongwa.

Mimi nilikuwa nimemfuata Leticia. Nilianza na Leticia, hilo naliapia. Lakini mikono ilikuwa imeishia kwa Mbuke. Nilihama saa ngapi? Sijui. Kwa sababu ni jirani yangu? Kwa sababu ya madumu? Sijui. Leticia alikuwamo, kando yake, lakini amevutika kama moshi wa jiko la kuni. Magurudumu yao ya mbele yako pamoja, moja wazi, jingine ukungu. Na ile miti ya mwisho, ambayo ndiyo ingesema, ilikuwa mistari.

Tukaitoa nje ikiwa mbichi inadondosha maji. Mzee Luhende akaishika kwa ncha za vidole.

"Huyu ni Mbuke."

"Ndiye," watu wakaitika.

"Na huyu wa pili?"

"Huyo moshi!" mmoja akasema, wakacheka.

Mjomba mmoja akaruka. "Ngoja, mzee. Mtu akikimbia sana si anafifia? Pikipiki ikipita kasi unaiona wazi? Aliyefifia ndiye aliyekimbia zaidi!"

Watu wakaitazama picha upya. Lilikuwa neno. Mzee Luhende akakuna kidevu. "Kwa hiyo anayeonekana wazi, mwili mzima, ndiye wa nyuma?"

"Sasa huyo ameonekana mpaka meno kwa sababu anajikokota!" mjomba akasema.

"Wewe, ukimpa moshi ng'ombe, ataswagwa na nani?" akajibu mama mmoja, watu wakavunjika mbavu.

Mzee Luhende akaamua. Akasema kamati haiwezi kumpa mtamba mtu asiyeonekana. Wa kuonekana ni Mbuke.

Leticia akanisogelea. Alikuwa na vumbi usoni, machozi yamechimba mifereji miwili. Hakupiga kelele.

"Mama, shikamoo. Wewe ulikuwa unamfuata nani?"

Nikasema, "Marahaba." Basi. Hilo ndilo jibu nililompa. Mbuke alikuwa ameshika kamba ya mtamba. Watu walikuwa wanasema picha yangu imeamua. Sikusema uongo. Sikusema kitu.

Walipotawanyika, Mzee Ramadhani akakaa anapangusa miwani yake ya jicho moja. Akasema, "Mwanangu, leo umeulizwa swali moja tu unalojua jibu lake, na ndilo hilo hukulijibu." Hakulirudia tena mpaka anakufa. Ingekuwa afadhali angelirudia.

Miezi ikapita. Siku moja nikawapiga mafundi baiskeli wawili waliokuwa wanaendesha sambamba, wanapiga soga, wala hawashindani. Wote wawili wakatoka wazi. Nikakaa chini kwenye ngazi ya studio. Kumbe. Wakienda mwendo mmoja, ukimfuata mmoja umewafuata wote. Anayefifia ni yule ambaye mwendo wake si mwendo wa mikono yako. Kwa hiyo siku ile mwendo wa Leticia na wa Mbuke ulikuwa tofauti. Ama Leticia alikuwa anapita, ama alikuwa anapitwa. Mjomba alikuwa na haki, Mzee Luhende naye alikuwa na haki, na picha ilikuwa imekaa kimya kama mimi.

Niliiangalia kwa kioo cha kukuzia miaka mingi. Nikiamka vizuri, namwona Leticia anapitwa. Nikiamka kichwa kinauma, anapita. Nimeigeuza juu chini. Nikahamia Shinyanga mjini kwa binti yangu, nikafungua studio hii, picha nikaja nayo ndani ya kopo la biskuti. Mbuke alifuga, aliuza maziwa, watoto walisoma. Tulipokuwa majirani nilikunywa maziwa yale, na kila kikombe nilikuwa natamani kumuuliza na simuulizi.

Mwezi uliopita, wiki moja baada ya kiuno, nilikuwa nimekaa studio namtazama Kabula akifanya kazi. Akaingia mama wa makamo, mnene, anataka picha ndogo za fomu. Kabula akamuuliza jina aandike bahasha.

"Leticia. Natoka Ushetu, nimekuja kwa mwanangu."

Nikasimama kiuno kikilia. "Leticia wa baiskeli?"

Akanikazia macho. "Haa! Mama wa moshi!" Akapiga makofi. "Shikamoo, mama. Unajua kwetu mpaka leo wananiita Mama Moshi? Mpaka wajukuu!"

Sikuitikia salamu. Nilikuwa nimeshaitikia kwake mara moja bila kusema jambo, haikunifaa. Nikasema, "Nilianza na wewe. Nikaishia na Mbuke. Sijui nilihama lini wala kwa nini. Uliniuliza nikanyamaza."

Kabula akaacha alichokuwa anafanya. Nikaleta kopo, nikampa picha. Akaishika kama alivyoishika Mzee Luhende, kwa ncha za vidole, ingawa imekauka miaka mingi.

"Huyu moshi ndiye mimi."

"Ndiye wewe. Sasa niambie, mwenzangu, kabla sijafa. Ulikuwa unapita au unapitwa?"

Akacheka, halafu akaona sicheki.

"Mama, mimi niliona lile joka. Nikafumba macho, nikakanyaga pedeli. Nilipofumbua niko kwenye shamba la mihogo la mtu."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Nilisema ni mimi kwa sababu wajomba walikuwepo."

Nikakaa. Miaka yote nimembebea mtu haki yake, kumbe naye hajui kama anayo.

"Na baba yako?" nikamuuliza.

"Baba alipona mwenyewe, akaishi akatuchosha." Akairudisha picha mezani. "Lakini Mbuke alikuja, hakukwambia? Yule mtamba alipozaa mara ya kwanza, Mbuke alimleta ndama jike mpaka Ushetu kwa miguu. Nikamuuliza, kwani nilikuwa mbele? Akasema hajui. Alisikia pumzi yangu sikioni, akasikia filimbi, hakujua kipi kilitangulia. Akasema, 'Shika huyu. Ni nusu ya nisichokijua.' Ng'ombe wangu wote wametoka kwa yule ndama."

Hakuniambia. Nilikunywa maziwa yake, akanikaribisha tena na tena, na hakuniambia. Tulikuwa watatu tusiojua, mmoja akatembea mpaka Ushetu na ndama, mwingine akafuga, na mimi nikanunua kioo cha kukuzia. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nilidhani kazi yangu ni kujua nani alikuwa mbele.

Nikamwambia Leticia, "Unaweza kuendesha baiskeli bado?"

"Mimi? Naishi Ushetu, si makaburini."

Tukaazima baiskeli ya mwenye genge la nyanya pale mbele. Kabula akataka apige yeye. Nikamwambia ashike kiuno changu kwa nyuma, basi, na tukizunguka tuzunguke wote. Nikaweka jiwe barabarani, nikapima, nikaliondoa. Namba ya kasi nikaiteremsha. Jua lilikuwa limeinama vizuri. Mara ya kwanza Leticia akapita anacheka mno, akatikisika. Mara ya pili bodaboda ikaingia katikati. Mara ya tatu nikamchukua tangu kwenye duka la dawa, nikaja naye, nikabonyeza, nikaendelea naye mpaka kona, Kabula nyuma yangu kama tela.

Ikatokea kwenye kioo cha kamera. Mama mtu mzima, gauni limebanwa kwa pini, macho wazi mawili, na Kambarage yote nyuma yake imevutwa kuwa mistari: genge, bango letu, bodaboda zilizoegeshwa. Hakuna mstari wa mwisho, hakuna mti, hakuna wa pili.

Leticia akateremka anahema, akainama kwenye kamera na jasho lake. Akaangalia kwa muda mrefu. Kisha, taratibu, bila kunitazama, akauliza kama alivyouliza siku ile.

"Safari hii, mama, ulikuwa unamfuata nani?"

"Wewe," nikasema. "Tangu duka la dawa."